Mwisho unaojulikana ndio tunaoutaka

Ndugu mwandishi, unalalamika kwamba vitabu vya mapenzi mwisho wake unajulikana tangu ukurasa wa kwanza. Ni kweli, na ndiyo sababu tunavisoma! Hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, mtu anayelala na habari za mashambulizi ya Beni masikioni hatafuti kitabu cha kumtia wasiwasi zaidi.

Halafu umetaja riwaya za Harlequin ya Kanada peke yake. Mbona umeusahau mfululizo wa Adoras, ulioanzishwa Abidjan mwaka 1998? Humo wapendanao ni Waafrika wa mjini, ingawa waandishi wengi walijificha nyuma ya majina ya kubuni (aibu ya nini?). Mimi riwaya zangu nimezifunika kwa gazeti, watoto wasizione.

Tunachokosa ni riwaya za Kiswahili, zenye harusi ya kwetu ya Kinande, mbuzi wa mahari wakihesabiwa. Tuandikie moja.