JEZI YA BURE INA BEI YAKE



Kila mara timu yetu ya taifa inaposhinda, wakubwa husimama mbele ya watu na kusema: Tazameni, mpira umetuunganisha, hapa hakuna kabila. Sisi watu wa reli tunapenda mpira kama watu wote, na bao likiingia tunapiga kelele kuliko wengi. Lakini tunataka kuuliza swali moja, na tunataka jibu. Kama mpira unatuunganisha saa kumi jioni, ni nani anayetugawanya kesho yake asubuhi?

Tunauliza kwa sababu ya mambo tunayoyaona katika karakana na mitaa tunamokaa. Kila uchaguzi unapokaribia, mheshimiwa huyu au yule huleta kombe lenye jina lake. Huleta na jezi zenye picha yake kifuani. Kisha vijana wake huja na kusema kwamba timu zipangwe "kwa watu wa nyumbani": wa ziwani timu yao, wa mlimani timu yao, wa magharibi yao, wa pwani yao. Mafundi ambao mwezi uliopita walikuwa wakishika spana pamoja chini ya behewa moja, sasa wanavaa rangi mbalimbali na kutupiana matusi ya kabila. Kombe likiisha, mheshimiwa huenda zake. Matusi hubaki. Na siku ya uchaguzi wa tawi la chama ikifika, kura hufuata jezi. Hatuulizani tena ni nani anayejua kusema na tajiri. Tunaulizana ni nani wa kwetu.

Hayo ndiyo tunayoyapinga katika karatasi hii, na tutaeleza sababu.

Kwanza, hatusemi mpira ni adui. Ni kweli kwamba wakubwa wa zamani waliuleta kwa kusudi lao. Wamisheni walitaka vijana wajifunze nidhamu na utii, na serikali ya kikoloni ilipenda mfanya kazi akitoka kazini akimbilie mpira asipate nafasi ya kufikiri mambo ya mshahara. Mwaka 1926 lilianza Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda, nalo lilipewa jina la tajiri wa sabuni. Lakini kiwanja ni kiwanja. Watu wakikutana hapo, hawafikiri kila mara yale waliyotakiwa wafikiri.

Wazee wetu wa Mombasa walionyesha jambo hili. Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000, wa bandari na wa reli na wengine, waliacha kazi kwa sababu ya mshahara mdogo na maisha ghali. Walikusanyika kila siku kiwanjani, wakakiita Kiwanja cha Maskini. Walitoka bara na pwani, Waislamu na Wakristo, makuli na makarani. Mgomo ule ulikaa karibu wiki mbili, na baadaye ikapatikana nyongeza ya mshahara. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho la wafanya kazi wa Kiafrika, mpaka serikali ilipomkamata mwezi wa Agosti mwaka uleule na kumpeleka kizuizini Baringo. Angalieni jina walilolichagua. Hawakukiita kiwanja cha watu wa mahali fulani. Walikiita cha maskini, yaani cha wote waliokuwa na shida moja. Kwa hiyo kiwanja kinaweza kutuunganisha, ikiwa tunakwenda pale kwa haja yetu wenyewe.

Pili, hatuwalaumu wenzetu wanaopenda Gor Mahia au AFC Leopards. Timu zile zilizaliwa na watu kama sisi, walioacha nyumbani kuja mjini kutafuta kazi, na Jumapili walitaka kusikia lugha ya mama yao. Abaluhya United ilianzishwa mwaka 1964, na Gor Mahia mwaka 1968. Hakuna dhambi hapo. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare na Esperance ya Tunisia, mabao 2 kwa 2 kule Tunis na bao 1 kwa 1 Nairobi, ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Siku ile waliofurahi hawakuwa wa kabila moja. Mtu anaweza kupenda jina la nyumbani na asimchukie jirani.

Mwaka 1980 serikali iliamuru majina ya kikabila yaondolewe katika vyama na timu. Luo Union ikaitwa Re-Union. Neno Abaluhya likatoka katika jina la Leopards. Je, ukabila ulikwisha? Ukabila haukukaa katika jezi hata utoke kwa kubadilisha jezi. Ulikaa katika ofisi za kuajiri, katika kugawa mashamba, katika kupandisha watu vyeo. Ulikaa huko ukanenepa. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1992, nyumba zilikuwa zikichomwa Bonde la Ufa, na wenye nyumba wakiambiwa warudi kwao. Dawa ilipakwa mguuni, na kidonda kilikuwa kichwani.

Tatu, tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Sisi wa reli tunakumbuka na jambo jingine: reli iling'olewa Kibera. Njia ile inayobeba mizigo ya kila mtu kwenda magharibi na Uganda ilinyanyuliwa kwa mikono ya vijana ambao wengi wao hawakuwa na kazi. Sasa sikilizeni. Mwezi wa Juni mwaka uleule Harambee Stars iliishinda Guinea mabao 2 kwa 0, kisha ikaishinda Zimbabwe mabao 2 kwa 0, yote Nairobi. Watu walijaa wakipeperusha bendera moja. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini wakati ule ule wenzetu walikuwa bado wanalala katika mahema. Bao halikumrudishia mtu shamba lake. Anayesema mpira uliponya nchi anataka kujisifu kwa kazi ambayo hakuifanya.

Nne, tazameni wakubwa wenyewe wanavyoutendea huo mpira wanaousifu. Mwezi wa Novemba 2021 waziri alivunja uongozi wa shirikisho la mpira kwa sababu ya maswali juu ya fedha. Mwezi wa Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo kikakaa mpaka Novemba. Katika ugomvi ule ni nani aliyeumia? Wakubwa waligombana ofisini, lakini timu ya taifa ndiyo iliyotolewa katika mashindano ya kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika. Kijana aliyefanya mazoezi miaka mingi akaambiwa akae nyumbani. Mambo haya sisi tunayajua. Mameneja wakigombana, anayekosa mshahara ni yule wa chini.

Halafu ikaja Agosti 2025, mashindano ya CHAN ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, yaliyofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Vijana wetu walifanya kazi kubwa. Waliishinda Kongo bao 1 kwa 0, wakatoka sare na Angola, wakaishinda Morocco, wakaishinda Zambia, mpaka Madagascar ilipowatoa kwa penalti pale Kasarani. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila mchezo watakaoshinda. Hatuwaonei wivu vijana wale, fedha zile waliziotea jasho. Lakini sisi ni watu wa chama, na chama kimetufundisha kutofautisha vitu viwili. Kuna zawadi na kuna mshahara. Zawadi hutoka katika moyo wa mkubwa: leo akipenda anakupa, kesho akinuna anakunyima, na ukipokea lazima useme ahsante. Mshahara hutoka katika mapatano: umeandikwa, una tarehe, na usipolipwa unaweza kudai. Mchezaji wa ligi yetu akikaa miezi bila kulipwa, hakuna mheshimiwa anayekwenda kumpigia picha. Anapigiwa picha siku ya kushinda tu.

Hapo ndipo penye neno letu. Umoja wanaotuletea wakubwa kiwanjani ni umoja wa zawadi. Hutolewa siku ya mchezo na kurudishwa kabatini pamoja na bendera. Sisi tunataka umoja wa mapatano.

Na ajabu ni kwamba mpira wenyewe unafundisha umoja wa namna hiyo, kama tungeutazama vizuri. Katika timu njema golikipa huchaguliwa kwa sababu anadaka, si kwa sababu ya baba yake. Sheria ya kuotea ni moja kwa tajiri na maskini. Refa akipendelea upande mmoja, hata mtoto mdogo anaona na kupiga kelele. Mbona basi kelele ile hatuipigi kazi inapotangazwa na majina yako tayari mfukoni mwa bwana fulani? Mbona hatuipigi fundi wa miaka kumi na tano anaporukwa, na cheo kikapewa mpwa wa mkubwa?

Wafungwa wa siasa wa Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, walilielewa jambo hili. Waliomba ruhusa ya kucheza mpira kwa muda mrefu, na walipoipata walianzisha shirikisho lao, Makana, wakafuata sheria za FIFA hasa. Walikuwa na kamati, marefa, na daftari za mikutano. Mwanzo timu zilipangwa kwa vyama vya siasa, ANC huku na PAC kule. Lakini timu ya Manong ilichukua mchezaji wa chama chochote, mradi ajue mpira. Mwenyekiti mmoja wa shirikisho lile, Dikgang Moseneke, baadaye alikuwa Naibu wa Jaji Mkuu wa nchi yake. Ikiwa watu waliofungwa, wanaoponda mawe mchana kutwa, waliweza kuendesha mpira kwa sheria na bila upendeleo, sisi tulio huru tuna udhuru gani?

Wako wenzetu watakaosema: "Ninyi mnasema maneno matamu, lakini timu yetu haina viatu. Mheshimiwa akileta jezi, tukatae kwa nini? Tutazivaa na kura tutapiga tunavyotaka." Ndugu, tulisoma habari za Esau tukiwa wadogo. Alirudi na njaa, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Yeye naye alidhani anakula tu. Hesabuni pamoja nasi. Watu arobaini wa karakana moja wakitoa shilingi 100 kila mwezi, ni shilingi 4,000. Kwa miezi sita ni shilingi 24,000. Mtanunua mipira na jezi, na hazitakuwa na sura ya mtu. Na timu mliyoilipia hakuna anayeweza kuipanga kwa kabila bila kuwauliza ninyi.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lijadili mambo haya katika mkutano ujao:

1. Timu za mahali pa kazi zipangwe kwa kazi: madereva, mafundi, makarani, watu wa njia, watu wa stesheni. Zisipangwe kamwe kwa makabila.

2. Tusipokee jezi wala kombe lenye jina au picha ya mwana siasa. Anayependa mpira kweli na aweke kiwanja sawa na bomba la maji, kisha aende zake.

3. Fedha za michezo ziandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya wanachama, kama fedha nyingine za chama.

4. Kiongozi wa tawi asichaguliwe kwa sababu alikuwa kapteni wa timu ya kwetu. Aulizwe: umesoma mapatano yetu na tajiri? Umemtetea nani?

5. Wachezaji wa ligi ni wafanya kazi wenzetu. Wakidai mishahara yao, tusimame nao kama tunavyosimama kuwashangilia.

Tunajua viko vikaratasi vitakavyosema tunataka kuharibu raha ya watu. Si kweli. Jumapili mtatuona uwanjani, tumepaza sauti kama ninyi. Lakini Jumatatu tunataka mtu wa ziwani, wa mlimani, wa pwani na wa magharibi waingie pamoja katika ofisi ya tajiri wakiwa na dai moja, wala asipatikane wa kumnong'oneza mmoja wao pembeni, "wewe ni wetu."

Mabehewa hayaendi kwa sababu yamepakwa rangi moja. Yanaenda kwa sababu yamefungwa pamoja na kila pini iko mahali pake. Ndugu, kila tawi likague pini zake.