Tusiwapime washambulizi kwa chenga pekee

Kuna ubishi usiokwisha miongoni mwa mashabiki wa kabumbu humu nchini. Utausikia katika vyumba vya walimu, katika mabweni ya wanafunzi na hata ndani ya matatu: je, mshambulizi bora ni yule aliyejaliwa kipaji au ni yule anayetoka jasho? Aghalabu ubishi huo huishia katika majina mawili. Lionel Messi hutajwa kuwa mfano wa kipaji, naye Cristiano Ronaldo mfano wa bidii. Baada ya hapo hoja hukoma na kelele huanza.

Ubishi huu ungekuwa wa kupitisha wakati tu, lau si mabadiliko yaliyotokea katika shule zetu. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walijiunga na Gredi ya 10 katika sekondari pevu, na mojawapo ya mikondo mitatu iliyowekwa mbele yao ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kipaji, neno ambalo awali lilikuwa la mashabiki na watangazaji, sasa limekuwa neno la mwalimu. Yeye ndiye anayetarajiwa kumtazama mtoto wa miaka 14 au 15 akicheza, kisha aseme kama anacho au hana. Neno linalobebeshwa uamuzi mzito kiasi hicho linastahili kuchunguzwa.

Tulitazame basi. Wengi husema kipaji, wengine husema kipawa, na hili la pili halifichi asili yake: limo ndani yake lile tendo la kupa. Mwenye kipawa ni mtu aliyepewa. Hakuulizwa wala hakufanya lolote ili apewe. Bidii, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo mtu hulitenda mwenyewe. Kwa hivyo tunapouliza "kipaji au bidii?" tumekwisha kukubali, bila kujua, kwamba uwezo wa mchezaji una mafungu mawili yasiyochanganyika: lile alilozaliwa nalo na lile alilolitafuta. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa maana neno bidii lenyewe hubeba mambo mawili tofauti. Kuna bidii ya maandalizi, ambayo mashabiki hawaioni, na kuna bidii ya uwanjani katika zile dakika 90.

Mtazame Ronaldo. Hapana anayepinga kwamba ni mtu aliyejitoa mhanga kwa mazoezi. Hata hivyo, aliporejea Manchester United mwaka wa 2021, lalama kubwa dhidi yake ilikuwa kwamba hakimbii mpira unapokuwa kwa adui. Msimu wa 2021-22 alifunga mabao 18 katika Ligi Kuu ya Uingereza, nayo timu ikamaliza katika nafasi ya sita kwa pointi 58. Si haki kumtwika yeye lawama zote, kwani timu ile ilikuwa na maradhi mengi. Lakini ni ajabu iliyoje kwamba mtu anayetajwa kila siku kuwa kielelezo cha bidii alishutumiwa kwa kukosa bidii! Ajabu hiyo inaondoka mara tu tunapotenganisha maana mbili za neno lile. Alikuwa na ile ya kwanza tele, na ile ya pili ilikuwa imempungua.

Naye Messi, ambaye husemwa amepewa tu, hutembea. Katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar alikuwa miongoni mwa wachezaji waliotembea sana uwanjani. Pep Guardiola, aliyemfunza katika klabu ya Barcelona kati ya 2008 na 2012, amewahi kueleza kwamba Messi anapotembea huwa anatazama: anawapima mabeki mmoja mmoja hadi ajue penye upenyo. Ikiwa ndivyo, basi kutembea kule nako ni kazi, ila ni kazi ya macho na akili. Mwenye kuhesabu kilomita peke yake hataiona.

Lakini kutembea kwa mmoja hulipiwa na wengine. Argentina walianza mashindano yale kwa kushindwa na Saudi Arabia mabao 2-1. Kufikia mechi ya tatu, dhidi ya Poland, kijana Julián Álvarez alikuwa amechukua nafasi ya Lautaro Martínez katika safu ya mbele. Kazi ya Álvarez ilikuwa kukimbia, ama tuseme kukimbia kwa niaba ya wawili. Dhidi ya Australia katika awamu ya 16 bora, kipa Mathew Ryan alirudishiwa mpira na mwenzake. Rodrigo De Paul akamvamia, Álvarez akaunyakua na kuutia wavuni. Bao lile halikuwa na chenga hata moja. Siku kumi baadaye, katika nusu fainali dhidi ya Croatia, Messi alimzungusha beki Joško Gvardiol upande wa kulia hadi karibu na mstari wa lango, kisha akamkatia pasi Álvarez, naye akamaliza kazi. Bao hili watu watalisimulia miaka mingi, ila mabao yote mawili yalihesabiwa sawa.

Shabiki wa kipaji atanijibu kwa fainali yenyewe, na jibu lake lina uzito. Mnamo Desemba 18, 2022, Kylian Mbappé wa Ufaransa alikuwa kama hayupo uwanjani kwa muda wa dakika karibu 80. Ghafla alifunga mabao mawili katika muda usiofika dakika mbili, na baadaye akaongeza la tatu. Ufaransa walishindwa kwa matuta tu, baada ya sare ya 3-3. Mimi binafsi sioni haja ya kulikwepa jambo hili. Kuna wachezaji wachache duniani ambao tendo lao moja lafaa zaidi ya mbio za mwenzao za saa nzima, na kocha mwenye busara humbeba mmoja wa aina hiyo. Swali ni wangapi wanaoweza kubebwa kwa pamoja. Klabu ya Paris Saint-Germain ilijaribu kuwabeba watatu, yaani Messi, Neymar na Mbappé, kwa misimu miwili. Katika misimu yote miwili iling'olewa katika awamu ya 16 bora ya Klabu Bingwa Ulaya, na Real Madrid mwaka wa 2022 kisha na Bayern Munich mwaka wa 2023.

Katika fainali hiyo ya Qatar kulikuwa na mchezaji mwingine ambaye wachache walimwangalia kwa makini, na kwangu ndiye mwenye funzo kuu. Ni Ousmane Dembélé. Kwamba alikuwa na kipaji hakuna aliyewahi kutilia shaka. Anapiga mpira kwa mguu wowote hata ni vigumu kujua upi ndio wake. Barcelona walimnunua mwaka wa 2017 kwa zaidi ya Euro milioni 100, lakini miaka yake huko ilijaa majeraha na malalamiko kuhusu nidhamu. Katika fainali dhidi ya Argentina alimfuata Ángel Di María hadi ndani ya kijisanduku chake mwenyewe, akamkwatua kutoka nyuma, na refa akatoa penalti ambayo Messi aliifunga. Kabla ya kipindi cha kwanza kumalizika, kocha Didier Deschamps alikuwa amemtoa.

Tafadhali, msomaji, zingatia jambo hili. Dembélé hakuadhibiwa kwa uvivu. Alikuwa amerudi nyuma kukaba kama anavyotakiwa kila mshambulizi wa siku hizi, ila alirudi kama mtu asiyejua kazi hiyo. Wale wanaosema kwamba kipaji hufundishwi ilhali kukimbia ni utashi tu wa moyo wanasahau kwamba kumkaba adui nako ni ustadi. Kuna pembe ya kumwendea, kuna wakati wa kuanza mbio na wakati wa kusimama, na kuna kumzibia adui pasi bila kumgusa. Mambo hayo hufundishwa, na asiyefundishwa hukimbia sana na kuharibu zaidi.

Dembélé alifundishwa. Alijiunga na Paris Saint-Germain mwaka wa 2023 chini ya kocha Luis Enrique, ambaye mnamo Oktoba 2024 alimwacha nje ya kikosi kilichovaana na Arsenal kwa sababu za kinidhamu. Baadaye alimhamisha kutoka pembeni na kumweka katikati ya safu ya mbele. Msimu huo alifunga zaidi ya mabao 30. Mnamo Mei 31, 2025, mjini Munich, PSG waliwacharaza Inter Milan mabao 5-0, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya fainali hizo. Dembélé hakufunga hata bao moja siku hiyo. Kila kipa Yann Sommer alipoutenga mpira aupige, alimwona Dembélé ameinama ukingoni mwa kijisanduku, ametumbua macho, tayari kumrukia. Baada ya mechi kocha wake alisema kwamba kwa jinsi alivyokaba tu, angempa tuzo ya Ballon d'Or. Mnamo Septemba mwaka huo aliipata. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Umri huo una maana, nami nitaurudia hapa chini. Kwanza nigusie lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili cha kabumbu ni tajiri mno pale mpira ulipo. Tuna chenga, kanzu, danadana na kisigino. Tuna kombora, na mtu hucheka na nyavu. Lakini mshambulizi anayekimbia upande wa kushoto ili amvute beki, huku mwenzake akipita kulia, hana jina. Yule anayemzibia kiungo wa adui njia ya pasi hana jina pia; tutasema "amekaba", neno ambalo tumezoea kumpa beki. Mtangazaji wa redio hutaja anayeugusa mpira, na msikilizaji aliye kijijini hujenga mchezo mzima kutokana na majina hayo. Vizazi vya walimu na wachezaji wetu vimelelewa na matangazo hayo. Si ajabu kwamba tukienda uwanjani tunaona kile tu ambacho tuna neno la kukitaja, ilhali katika dakika 90 mshambulizi huwa na mpira miguuni kwa dakika chache sana.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika riadha hatuna upofu huu. Eliud Kipchoge alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka wa 2019, wageni walizungumzia miinuko yetu na miili yetu, yaani tulichopewa. Sisi tulitaja Kaptagat, kambi ya mazoezi na kocha Patrick Sang, aliyemwongoza tangu ujana wake. Tulijua kwamba vyaelea vimeundwa. Kwa nini basi tukivuka kutoka mbio hadi kwenye mpira tunaanza kusema kama wale wageni?

Michael Olunga hakuwahi kusifiwa kwa chenga. Sifa yake ni kuzikimbilia nafasi nyuma ya mabeki, tena na tena, hata pasi isipokuja. Alikuwa na Gor Mahia ilipotwaa ubingwa wa 2015 bila kushindwa, na mwaka wa 2020 aliibuka mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 na kutawazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Na katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars walipowalaza Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam uwanjani Kasarani, walicheza kipindi chote cha pili wakiwa 10 baada ya kadi nyekundu. Katika dakika zile 45, kila aliyekuwa mbele alilazimika kuwa beki. Morocco hao ndio waliotwaa kombe.

Sasa turejee shuleni. Uteuzi wa timu nyingi hufanyika hivi: vijana 40 hukusanywa uwanjani, mpira mmoja hutupwa katikati, na baada ya nusu saa mwalimu huwataja waliomfurahisha. Katika nusu saa hiyo, aliye na chenga huugusa mpira mara 20 na mkimbiaji mwerevu mara tatu. Huyu wa pili hurudi darasani akiwa ameambiwa kwamba hana kipaji, na kwa kuwa kipaji ni kitu cha kupewa, haoni la kufanya.

Hata hivyo sipendekezi tuwageuzie kibao wenye chenga. Nimewasikia makocha wakimfokea mtoto wa miaka 13, "Toa mpira! Rudi ukabe!" kila anapojaribu kumpita mtu. Huo nao ni ufujaji. Ulaini wa mguu hujengwa utotoni, kwa saa nyingi za kucheza na mpira wa makaratasi, na ni vigumu kuuongeza mtu akishakomaa. Kukaba kwa mpangilio kunaweza kufundishwa baadaye; Dembélé alikifikia kilele cha kazi hiyo alipokaribia kutimiza miaka 28. Kwa hivyo katika umri mdogo ningemvumilia zaidi mwenye chenga asiyekaba, mradi afundishwe, kuliko ninavyoweza kumvumilia mwalimu anayeamini kwamba chenga hizo ndizo zote.

Mwalimu atakayesimamia uteuzi na achague dakika 10 ambazo hatautazama mpira kabisa. Amtazame kijana mmoja: anafanya nini katika sekunde tano baada ya kupokonywa mpira, na anasogea wapi mwenzake anapoupata? Na pale kwenye daftari, badala ya kuandika "ana kipaji" au "hana", aandike alichokiona, pamoja na tarehe, kisha amwite kijana yuleyule muhula unaofuata na kumtazama upya.