Nani Kanituma Moshi?

Ijumaa alfajiri begi lilikuwa tayari mlangoni. Viatu, bukta, soksi pea mbili, kopo la vazelini (wakimbiaji mnajua ya nini), na tiketi ya basi la Moshi linaloondoka Kange saa moja. Mfuko wa pembeni ulikuwa na vidonge vinne vya mseto, dozi ya mwisho. Jumapili ilikuwa Kilimanjaro Marathoni, nami nilijiandikisha kilomita 21. Miezi minne ya kuamka saa kumi na moja, Chumbageni mpaka Bombo, Bombo mpaka Raskazone, na kurudi kabla jua halijapanda. Mnaoishi Tanga mnalijua joto letu. Si jua peke yake, ni ule mvuke wa bahari: jasho linakutoka lakini halikauki, kwa hiyo halikupozi, linakulowesha tu.

Nilikaa kitandani nikilitazama lile begi kama dakika ishirini hivi.

Jumanne kichwa kilianza kugonga nikiwa ofisini. Nikadhani ni kiyoyozi. Kufika jioni magoti yanauma, mgongo unauma, natetemeka chini ya blanketi na feni imezimwa, Tanga hii hii! Zahanati wakanitoboa kidole, tone la damu, dakika chache, mistari miwili. Malaria.

Sisi watu wa Pwani malaria tumeizoea mpaka tumeipa jina la kuibembeleza. "Nina kamalaria." Kadogo, kama kapaka. Enzi zile za kuhesabu wadudu kwenye hadubini, ukitoka maabara watu walikuuliza "malaria ngapi?" kama wanaulizia matokeo ya Coastal Union. Ukijibu "mbili" wanasema ah, hiyo ndogo, kesho utakuwa kazini. Na kesho kweli upo kazini, umejiinamia mezani. Kwa hiyo Jumatano, kichwa bado kinagonga, nilikuwa nawaambia watu kwamba safari iko pale pale. Kamalaria tu.

Tatizo lingine ni kwamba nilikuwa nimeshatangaza. Wenzangu ofisini walinichangia kiingilio na nauli. Kikundi chetu cha mchakamchaka wa Jumamosi kilishanipa cheo cha "mwakilishi". Alhamisi jioni nikapigiwa simu na mzee mmoja wa kikundi, mtu ninayemheshimu sana. Nikamwamkia, nikamweleza hali yangu. Akacheka. "Mwanangu, Akhwari alimaliza na mguu umevunjika, wewe vijidudu tu?"

Hapo ndipo penye hoja yangu leo, wadau.

Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka kwenye msukumano akiwa anakaribia nusu ya marathoni ya Olimpiki. Goti likateguka, bega likaumia. (Mguu haukuvunjika, mzee wangu, niwie radhi.) Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshaanza, kwa saa 3:25:27, wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Jibu hilo nalipenda kama mnavyolipenda nyie. Lakini tumelifanya fimbo. Mwanafunzi mwenye homa siku ya mtihani tunamchapa nalo, mfanyakazi anayeomba ruhusa ya kwenda hospitali tunamchapa nalo, na sasa nachapwa mimi. Hebu tulitazame vizuri. Akhwari alisema alitumwa. Mimi nani kanituma Moshi? Nilijituma mwenyewe, kwa simu, nimelala kwenye kochi. Halafu swali lake yeye lilimkuta barabarani, alikuwa ameshaanza, na alianza akiwa mzima. La kwangu limenikuta kitandani, siku mbili kabla, na majibu ya kipimo ninayo. Hayo ni maswali mawili tofauti na hatuna haki ya kuyapa jibu moja.

Tena siku ile ile, kwenye mbio zile zile, alikuwepo Abebe Bikila. Huyu ndiye aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964 wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Kama kuna binadamu aliyekuwa na haki ya kuamini kwamba mwili wake hauvunjiki, ni huyo. Mexico alikwenda na mguu mbovu, akaanza, na baada ya kama kilomita 17 akatoka. Sijawahi kumsikia mtu akimwita Bikila mwoga. Mbona sisi wa Chumbageni hatupewi nafasi hiyo?

Najua kuna atakayenitajia Kipchoge Keino. Sawa, nimtaje mwenyewe. Keino alikimbia Mexico akiwa na maumivu makali ya kibofu cha nyongo, na madaktari walishamwambia asikimbie. Kwenye mita 10,000 alianguka akiwa na kundi la mbele, zimebaki raundi chache. Siku chache baadaye akapata fedha ya mita 5,000, na tarehe 20 Oktoba, siku ile ile ya Akhwari, akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali na kuchukua dhahabu ya mita 1,500. Hadithi hiyo inanisisimua kila ninapoisikia. Lakini tunaisimulia kwa sababu alishinda. Aliyeanza anaumwa akalazwa wodini wiki mbili hatumsimulii, hata jina lake hatulijui. Sisi waandishi wa habari tuna lawama yetu hapo, kwa sababu anayebaki nyumbani si habari.

Na kuna wa tatu, ambaye katika mjadala huu simsikii akitajwa kabisa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, Februari 1974, dakika 3:32.16, akimwongoza John Walker wa New Zealand mwanzo mpaka mwisho. Dunia nzima ikasubiri warudiane Montreal 1976. Hawakurudiana. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kinachosahaulika ni kwamba muda mfupi kabla ya michezo ile Bayi aliugua malaria. Ndiyo, hii hii kamalaria yetu, kwa mtu mwenye rekodi ya dunia. Nimejiuliza mara nyingi: kama serikali isingeamua kwa niaba yake, angeamua nini yeye? Na sisi tungemruhusu aamue?

Sasa niwaambie daktari wa zahanati aliniambia nini, maana haya tulipaswa kufundishwa pamoja na habari za Akhwari. Mdudu wa malaria anazaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba hewa safi kwenda kwenye misuli. Mseto unaua wadudu kwa siku tatu, vidonge 24 kwa mtu mzima, lakini haurudishi damu iliyokwenda. Hiyo mwili unaitengeneza wenyewe, taratibu, kwa wiki kadhaa. Bandama nayo inaweza kuwa imevimba. Nilipomwambia kuna mshikaji kanishauri nimeze diklofenaki mbili kabla ya kuanza, alivua miwani kwanza ndipo akanijibu. Dawa ya maumivu ya aina hiyo, mwili umepungukiwa maji, jua la Moshi na mwinuko wa kwenda Mweka: nikitaka kuziua figo zangu, alisema, hiyo ndiyo njia.

Niliyasikia yote hayo siku ya Jumatano na bado Alhamisi nikafunga begi. Ndivyo tulivyo.

Kilichoniamua ni kitu kidogo. Nina mazoea ya kuhesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla sijainuka. Huwa 58, siku mbaya 60. Ijumaa ile nikahesabu 86. Nikarudia, 86. Shuka limelowa jasho. Mama akachungulia mlangoni, akaliona begi, akaniona mimi. "Mwanangu, hiyo homa umeiuliza imekwenda wapi?" Akaenda jikoni kuninyweshea uji nimezee dawa. Saa moja basi likaondoka Kange. Nililiwazia, Segera, Korogwe, Mombo, kiti changu kitupu. Sikujisikia shujaa hata kidogo. Nililia, kama mnataka kujua.

Jumapili mwenzetu mmoja wa kikundi alinipigia baada ya kumaliza, anahema bado. Hakusema pole. Alisema, "Ule mlima wa Mweka ungekutoa roho, bwana." Mzee naye alipiga jioni. Hakumtaja Akhwari. Aliniuliza kama nimeanza kula.

Wiki tatu zimepita. Jana nilijaribu kukimbia mpaka Raskazone na nikaanza kutembea kabla sijafika Bombo. Ofisini kuna mmoja anayenidai elfu kumi yake ya mchango, anasema alichangia mtu wa kukimbia, hakuchangia mgonjwa. Sijui anatania au la. Nimemrudishia.