Tope la Ziwa Lajua Tusiyoyakumbuka

Sisi watu wa pwani tumezoea kuitafuta historia katika magofu, makaburi na hati za kale. Mtu akitaka kujua mambo ya zamani huenda Gede au Ngome ya Yesu, au humwendea mzee mwenye kumbukumbu njema akamkalia kitako. Hiyo ni desturi nzuri wala haifai kuachwa. Lakini iko hazina nyingine ya historia ambayo hatuijali. Hiyo imo chini ya maji, katika matope ya maziwa ya bara. Kwa maoni yangu, tumechelewa mno kuisoma, na hasara ya kuchelewa huko itatupata sisi tunaoishi mwisho wa mto kabla ya wengine.

Hebu tuanzie Nkubu. Mji huu uko kwenye barabara itokayo Embu kwenda Meru, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Juu yake kuna mashamba ya majani ya chai na msitu, na chini yake kuna kahawa na migomba. Wenyeji wake si wageni kwetu kama tunavyodhani. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na bahari, na wako wanahistoria wanaosema kuwa Mbwaa hiyo ilikuwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Masimulizi hayo yanakadiriwa kurudi nyuma kiasi cha miaka 300. Kwa kumbukumbu ya binadamu huo ni umri mrefu, lakini kwa ziwa ni kama jana tu.

Katika msitu wa mlima huo, kaskazini magharibi ya Nkubu, kuna ziwa dogo lililomo ndani ya shimo la volkano ya kale, kiasi cha mita 2,350 juu ya bahari. Katika ramani na vitabu huitwa Ziwa Takatifu, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha jinsi lilivyoheshimiwa. Kila mwaka mvua huteremsha udongo ziwani, upepo huleta unga wa maua, ambao wataalamu huuita chavua, na moto wa msituni huacha chembe za makaa. Vyote hivyo huzama na kulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Ganda la chavua ni gumu, nalo likifunikwa na tope pasipo hewa haliozi hata kwa maelfu ya miaka. Tena chavua ya mti huu si sawa na ya mti ule. Mtaalamu akididimiza bomba na kutoa tope zima kama mtu atoaye uboho mfupani, huweza kuitambua miti iliyokuwapo tabaka kwa tabaka, na umri wa tope akaupima kwa njia ya kaboni.

Mtaalamu wa Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alifanya kazi hiyo katika Ziwa Takatifu, akachapisha matokeo yake mwaka 1964 na 1967. Aliyoyakuta yaliwashangaza wengi. Wakati wa baridi kuu ya dunia, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, mahali hapo penye msitu mnene leo hapakuwa na msitu huo. Palikuwa na vichaka na nyasi za aina ya zile zinazoonekana sasa karibu na kilele, kwani mimea ya mlima ilikuwa imeteremka kiasi cha mita 1,000. Mwaka 2009 Stephen Rucina wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzake, walitoa habari za kinamasi cha Rumuiku, upande wa kusini mashariki wa mlima huo huo. Tope la huko lina habari za zaidi ya miaka 26,000, nalo pia lilionyesha miti ikipanda na kushuka kadiri baridi na mvua zilivyobadilika. Kumbe msitu tunaoudhani ni wa milele husafiri.

Jambo kubwa zaidi kwetu limetoka Naivasha. Mwaka 2000 Dirk Verschuren, mwanasayansi wa Ubelgiji, na wenzake wawili walieleza habari za mvua na ukame za miaka 1,100, walizozisoma katika tope la ziwa hilo. Walitazama alama za kina cha maji, na mabaki ya vijimea na vijidudu, kwani viishivyo katika maji matamu si vile viishivyo maji yakiingia chumvi. Waligundua kuwa tangu mwaka 1000 hivi hadi 1270 nchi ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye mvua zikawa njema, lakini zilikatizwa na ukame mara tatu: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840.

Msomaji na aitafakari hesabu hiyo. Sote twakijua kisa cha Nabii Yusuf na ile miaka saba ya dhiki iliyohitaji maghala ya nchi nzima. Ukame wa mwisho wa Naivasha ulichukua miaka 80. Mtoto angeweza kuzaliwa, akaoa, akapata wajukuu na akazikwa, mvua njema hajaijua ila kwa kusimuliwa. Na vipimo vya mvua vya serikali katika nchi yetu havijatimiza hata miaka 150. Mwenye kupanga mambo ya maji kwa vipimo hivyo peke yake ni kama nahodha aliyesafiri kusi moja tu akajiona ameijua bahari.

Mtu wa Lamu au Kipini asiseme haya ni mambo ya watu wa bara. Milima ya Nyandarua, inayolisha Ziwa Naivasha upande mmoja, huulisha Mto Tana upande wa pili. Mabwawa ya umeme kuanzia Kindaruma, lililofunguliwa mwaka 1968, hadi Masinga na Kiambere, yote yanautegemea mto huo. Mutonga na Kathita, mito itokayo katika nchi ya Wameru, huingia Tana chini ya mabwawa hayo. Kwa hiyo maji yao hayazuiwi nayo, na mafuriko yanayorutubisha mashamba ya Wapokomo yanatokana na mito hiyo kwa sehemu kubwa. Mto ukipungua, bahari hupanda mdomoni mwake, na mpunga hauoti penye chumvi.

Wako watakaosema kwamba yaliyotokea Naivasha si lazima yawe yalitokea pwani. Nakubaliana nao kabisa. Gede ilihamwa, na miongoni mwa sababu zitajwazo ni vita na kushuka kwa maji visimani. Ukame wa bara wa 1560 hadi 1625 hautoshi kuwa ushahidi wa jambo hilo. Ila hiyo ndiyo sababu ya kuchimba tope letu wenyewe. Huko Unguja, katika ghuba ya Makoba, matope ya mikoko yamekwisha kuchunguzwa, yakatoa habari za kupanda na kushuka kwa bahari. Mikoko yetu nayo ina matope tele.

Basi yafaa mambo matatu yafanywe. Kwanza, asiruhusiwe mtu kujenga bwawa jingine katika Tana kabla ya kuulizwa swali hili: ukame wa miaka 30 ukija, nani atapata maji na nani atakosa? Pili, maziwa madogo na vinamasi vya mlimani vilindwe. Kinamasi kikikaushwa ili kupandwa mboga, hewa huingia, tope huoza, na habari za miaka 20,000 hupotea kwa misimu michache. Hati ikiungua huenda nakala yake ikapatikana kwingine, lakini tope halina nakala. Tatu, vijana wetu wa pwani wasomeshwe elimu hii, wasingoje wageni waje kuwasomea ardhi yao.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika jambo hili la mvua, mkuu wetu sote ni tope la ziwa, nalo limekwisha kusema.