Diski ikijaa, sauti za wakimbizi zisiwe za kwanza kufutwa

Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi alifika kwenye studio ndogo ya video mjini Goma akiwa na ombi moja tu. Mwaka wa 2024, alipokuwa angali anaishi katika kambi ya Bulengo, vijana wa studio hiyo walimrekodi yeye pamoja na mama yake mzazi. Baadaye mzee huyo alifariki. Binti hakuwa na picha yake nyingine, kwa hiyo akaomba video ile atiliwe kwenye simu. Alijibiwa kwamba ilifutwa: diski ilikuwa imejaa, na kulikuwa na video ya arusi ya kumaliza kabla ya kesho.

Uchungu wa habari hii ni kwamba video ile haikulazimika kufutwa.

Vijana wengi wanaohariri video Kivu Kaskazini na Kusini wanajua saa hiyo mbaya. Kompyuta inatangaza kwamba nafasi imekwisha, programu inakwama, mteja anapiga simu, na umeme unaweza kukatika wakati wowote. Kijana anatafuta faili kubwa kuliko zote, anazifuta, kazi inaendelea. Shida ni kwamba faili kubwa ndizo mara nyingi video asili zilizotoka kwenye kamera. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula karibu giga 45 kwa saa moja. Diski ya giga 256 haitoshi hata saa sita za namna hiyo.

Lakini mlaji mwingine wa nafasi hujificha. Programu kama Premiere Pro na DaVinci Resolve hutengeneza faili za muda, zinazoitwa kache, ili video icheze bila kukwamakwama. Faili hizo hujirundika kazi baada ya kazi, na hubaki hata mteja akiisha kuchukua video yake. Zinaweza kufika makumi ya giga. Ukizifuta, hakuna kinachopotea, kwani programu itazitengeneza tena ikizihitaji. Katika Premiere Pro zinafutwa kwenye mapendeleo, sehemu ya kache. Katika Resolve, kwenye menyu ya uchezaji. Hata CapCut ya simu ina sehemu ya kufuta kache katika mipangilio yake.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha kuna corbeille ya kompyuta: kilichotupwa humo bado kinashika nafasi mpaka corbeille imwagwe. Kabla ya kuimwaga, itazamwe, maana huenda ndimo ilimo faili iliyotupwa kwa haraka. Kisha yanakuja matoleo ya zamani ya kazi moja: la kwanza, la pili, la mwisho, la mwisho kabisa. Libaki moja.

Kuna pia mtego wa fulashi. Mtu anaona fulashi yake ina giga 20 za wazi, lakini inakataa video ya giga 5. Haijajaa. Fulashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi giga 4. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT, baada ya kunakili kwanza kila kilichomo, kwa sababu kuipanga upya kunafuta vyote.

Kosa linaloleta hasara kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba video ikiisha kuingizwa katika programu, imehifadhiwa humo. Sivyo. Faili ya mradi ni ndogo. Inakumbuka tu video iko wapi na ilikatwa wapi. Ukifuta video asili, mradi unabaki kama bahasha isiyo na barua.

Wapo watakaosema kwamba diski za nje ni ghali, na ni kweli kwa studio inayoishi kwa arusi na matanga. Ndiyo sababu mzigo huu usiachiwe kijana mwenye kompyuta peke yake. Shirika linaloagiza video za ushuhuda wa wakimbizi lilipie pia diski mbili za kuzitunza, kama linavyolipia usafiri na chakula cha wapiga picha. Diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti, kwani moja ikianguka au ikiibwa, nyingine ipo.

Wengine watasema kufuta ni usalama. Hoja hiyo ni nzito. Katika mji uliobadilisha watawala, uso na jina ndani ya diski vinaweza kumponza mtu. Lakini kufuta kwa kumlinda aliyezungumza, naye akijua, ni jambo moja. Kufuta ushuhuda wake ili arusi ipate nafasi ni jambo jingine kabisa.

Ikumbukwe kwamba kambi nyingi za pembeni ya Goma zilivunjwa kunako mwezi wa pili mwaka wa 2025, baada ya M23 kuuteka mji. Mahema hayapo tena, na waliokaa humo wametawanyika. Kwa familia nyingi, dakika chache za video ndizo zinazoonyesha walipolala, waliyemzika na walichosema. Kache inarudi kesho. Sauti ya mzee aliyefariki hairudi.

Wakimbizi nao wana haki ya kuuliza kabla kamera haijawashwa: video hii itatunzwa wapi, na nani, na nikiihitaji nitamwona nani? Na kila studio iwe na daftari lenye majibu hayo, diski kwa diski. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.