Chandamali isijengwe kwa kiinimacho

Tangu makumbusho ya kiinimacho yafunguliwe Zagreb, Kroatia, mwaka 2015, mengine ya namna hiyo yamefuata katika miji mingi, Dubai ikiwemo. Kivutio chake kikubwa ni chumba kilichobuniwa na Mmarekani Adelbert Ames. Sakafu yake imeinama, dari imeshuka upande mmoja, na ukuta wa nyuma umekwenda mshazari. Mtazamaji anachungulia kwa jicho moja kupitia tundu, na watu wawili wa kimo kimoja wanamtokea mmoja jitu, mwingine mtoto. Kisha anaruhusiwa kuingia ndani, auone ule mshazari mwenyewe na kuelewa jicho lake lilivyohadaiwa. Hapo ndipo penye heshima ya makumbusho hayo: yanahadaa, halafu yanakiri.

Nayaleta hayo Songea kwa sababu mji huu una mahali panapostahili kuwa makumbusho makubwa kuliko palivyo leo. Chandamali yalikuwa makazi ya Nduna Songea Mbano, msaidizi mkuu wa Nkosi Mputa Gama wa Wangoni wa Njelu, ambaye jina lake ndilo jina la mji. Mputa na zaidi ya wenzake 60 walinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye kaburi la pamoja, katika Makumbusho ya Majimaji yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Makazi ya kiongozi kama Nduna Songea yakijengwa upya yatavutia, na kishawishi kitakuwa kuyapamba: boma la kifahari, picha za ukutani zinazomfanya mgeni aonekane amesimama bega kwa bega na shujaa mwenye mkuki, apigwe picha aondoke. Hoja yangu ni kwamba cha kuazima kutoka Zagreb ni ule ukiri. Hadaa tuwaachie wenyewe.

Tunajua kinachotokea ukiri unapokosekana. Kalenga, Iringa, ilikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1894. Mkwawa alijiua mwaka 1898, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliamuru fuvu lirudishwe katika muda wa miezi sita; halikurudi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining wa Tanganyika alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, yenye mafuvu yapatayo 2,000, akachagua moja kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Likakabidhiwa kwa Wahehe mwaka 1954. Heshima ya Wahehe kwa kiongozi wao ni ya kweli na haihitaji kibali cha mtu yeyote. Lakini mtoto wa shule anayesimama mbele ya fuvu lile ana haki ya kuambiwa lilivyochaguliwa. Akinyimwa habari hiyo, anaamini kibao, na jicho lake linaona kile kibao kinachotaka lione.

Songea ina hatari kubwa zaidi ya aina hiyo, maana sehemu kubwa ya picha na maandishi ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 ilitoka mikononi mwa walioshinda. Picha ya wafungwa waliofungwa minyororo shingoni inatuweka pale alipokuwa mpigapicha, upande wa bunduki, nasi tunatazama kupitia tundu lake bila kujua kwamba ni tundu. Bahati njema lipo la pili. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka wilaya zilizopigana, Songea ikiwa mojawapo, wakakusanya simulizi za wazee waliokuwa hai wakati wa vita au waliosikia kwa wazazi wao. Mwaka 1969 O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakatoa kitabu juu ya vita hivyo Ungoni. Simulizi hizo ziwekwe Chandamali ukuta mmoja na picha za Wajerumani, kila kimoja kikitajwa nani alikitengeneza, lini, na akiwa upande gani. Na nyumba ikijengwa upya, iandikwe wazi ni ya mwaka gani.

Atainuka mtu aseme kwamba ukweli wa namna hiyo unapunguza fahari, kwamba shujaa akiwekewa maelezo ya ushahidi anakuwa kesi ya mahakamani. Sikubaliani naye. Kasubi, Kampala, kasri la Kabaka Mutesa I lililojengwa 1882 na kugeuzwa kaburi la wafalme, liliungua mwaka 2010 na likajengwa upya machoni pa dunia nzima. Hakuna anayedhani nyasi zile ni za 1882, na bado watu wanavua viatu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: vijana wanataka burudani, na makumbusho hayaendeshwi kwa heshima tupu, yanahitaji viingilio. Ni kweli. Lakini kijana anayelipa ili aone jicho lake lilivyohadaiwa ameshaonyesha kwamba anapenda kufumbua fumbo. Mpe picha moja ya mwaka 1906 na simulizi mbili zinazogongana, umwache aamue. Hatachoka upesi kama anavyochoka na picha ya ukutani aliyokwisha kupiga.

Jambo hili lina haraka yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha hapa Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaahidi kwamba nchi yake itajitahidi kutafuta fuvu la Nduna Songea, ambalo ukoo unaamini lilichukuliwa na Wajerumani. Miezi michache kabla, watafiti wa Berlin walikuwa wametumia vipimo vya vinasaba kuunganisha baadhi ya mafuvu na koo zilizo hai Tanzania, zikiwemo za Kilimanjaro. Fuvu likiletwa Songea siku moja, ukoo udai vipimo hivyo kabla ya ngoma na hotuba, na majibu yake, yawe ya ndiyo au ya hapana, yabandikwe Chandamali kwa Kiswahili pale ambapo kila anayeingia atayasoma.