Kipimo cha Siki na Mwanamke wa Matombo

Matombo, kwa Kiluguru, ni maziwa ya mwanamke, na ndilo jina la tarafa iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, katika barabara iendayo Kisaki. Yashangaza basi kwamba hata mahali palipopewa jina hilo bila haya, kama kwingineko nchini, mlango wa kizazi hutajwa kwa kunong'ona.

Kwa takwimu za kimataifa za mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipatwa na saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, ugunduzi uliompatia Mjerumani Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, navyo vimeenea mno hata mwanamke aliyemjua mume mmoja tu aweza kuvipata, havithibitishi uasherati. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa, huchukua miaka mingi, pengine 10 au 20, kabla ya kuzaa saratani.

Mwanamke aendaye kupimwa hulala chali, magoti juu. Muuguzi huingiza chombo cha kupanulia uke, hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Husikika mkazo na pengine mwasho kidogo. Hakuna kinachokatwa, wala kizazi hakitolewi. Doa jeupe si saratani, na mara nyingi huweza kutibiwa siku ile ile kwa baridi kali au kwa joto. Aliye katika hedhi na asubiri imalizike.

Kipimo cha Papanicolaou kimeokoa wengi katika nchi tajiri, lakini chahitaji maabara, mtaalamu wa kusoma chembechembe, na mgonjwa kurudi kuchukua majibu. Kwa mama aliyeteremka mlimani kwa miguu, akiacha ndizi zake shambani, safari hiyo ya pili ndiyo isiyofanyika. Hapo siki yashinda. Hata hivyo hutegemea jicho la muuguzi, na hudhoofu kwa wanawake waliokoma hedhi. Kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli bila kutazamwa na mtu, ni bora zaidi, na Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu mwaka 2021. Kingestahili kufikishwa milimani kwanza, kabla ya mijini.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walianza kupewa dozi moja. Lakini chanjo haitibu maambukizo yaliyokwisha kuingia. Mama zao, wenye miaka 30 hadi 50, wangali wanahitaji kupimwa, na wenye virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi.

Waluguru walikuwa na desturi ya kumweka mwali ndani, akafundishwa na wanawake wazima habari za mwili wake. Elimu ya afya imewapita makungwi hao, ikapendelea mabango na vipaza sauti. Ni kosa. Bibi mmoja aliyekwisha kupimwa, akasimulia jinsi siki inavyowasha na inavyokoma, huaminiwa na wajukuu wake kuliko bango lolote la zahanati.